Mada ya 9: Ushawishi wa Kisiasa katika Biashara ya Mbao Ngumu

Malengo ya mada

Baada ya kuisoma mada hii, utaweza:
(a) kueleza maana ya uchechemuzi, ushawishi na kikundi cha maslahi;
(b) kutaja njia ambazo wafanyabiashara wa mbao huzitumia kufikisha hoja zao serikalini;
(c) kutofautisha ushawishi halali na rushwa;
(d) kujibu swali la insha kuhusu mada hii kwa kutumia mifano halisi.

1. Istilahi muhimu

Mbao ngumu: ni mbao zitokanazo na miti ya majani mapana, kama vile mninga, mvule, mkongo na mpingo. Mbao laini hutokana na miti kama misindano. Kitaalamu, mkaratusi nao umo katika kundi la mbao ngumu.

Kikundi cha maslahi: ni watu au kampuni zilizoungana ili kutetea jambo linalowahusu wote. Kikundi hiki hakigombei madaraka, na hapo ndipo kinapotofautiana na chama cha siasa. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kuvichanganya viwili hivi.

Uchechemuzi: ni kazi pana ya kutetea hoja mbele ya umma na viongozi, kwa mfano kupitia redio, mikutano na kampeni.

Ushawishi: ni sehemu ya uchechemuzi. Humlenga moja kwa moja mwenye mamlaka ya kuamua, kama vile waziri, mbunge, diwani au mkurugenzi.

2. Kwa nini biashara ya mbao huingia katika siasa?

Mti hupita katika maamuzi mengi ya Serikali kabla haujawa kitanda au mlango. Chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, uvunaji katika misitu ya asili huhitaji leseni, na mvunaji hulipa mrabaha. Kusafirisha mbao huhitaji hati maalumu. Katika wilaya ipo Kamati ya Uvunaji inayoongozwa na Mkuu wa Wilaya. Mashamba ya miti ya Serikali, kama lile la Rubare mkoani Kagera, yako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Kila hatua kati ya hizo ina masharti na malipo yake. Ada ikipanda, mfanyabiashara wa Bukoba mjini hupandisha bei kwa seremala, au humpunguzia malipo mwenye mti kule Muleba. Ndiyo maana kila mmoja ana sababu ya kutaka sauti yake isikike pale ada inapopangwa.

3. Njia za ushawishi

(i) Kuunda shirikisho. Shirikisho la Viwanda vya Misitu Tanzania (SHIVIMITA) huwasemea wenye viwanda mbele ya Serikali. Mfanyabiashara mmoja hupuuzwa kwa urahisi. Mia wakisema kwa pamoja, husikilizwa.
(ii) Kuwasilisha maoni kwenye kamati za Bunge. Kamati hualika wadau watoe maoni kuhusu miswada, ikiwemo ya fedha na kodi.
(iii) Kuwatumia wawakilishi. Diwani hupeleka hoja katika Baraza la Madiwani, na mbunge huuliza swali bungeni.
(iv) Kutumia vyombo vya habari ili wananchi waielewe hoja na kuiunga mkono.

Msingi wa njia hizi umo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni, Ibara ya 20 uhuru wa kujumuika, na Ibara ya 21(2) haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu mwananchi.

4. Mfano wa kihistoria: wakulima wa kahawa wa Bukoba

Utetezi wa maslahi si jambo geni Kagera. Mwaka 1924 iliundwa Bukoba Bahaya Union, moja ya jumuiya za mwanzo za Waafrika katika Tanganyika. Mwaka 1937 wakulima wa kahawa wa Bukoba walizipinga kanuni za kilimo cha kahawa zilizowekwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1950 wakulima walipata chombo chao cha ushirika, yaani Bukoba Native Co-operative Union. Funzo lake ni kwamba mzalishaji mdogo hupata nguvu ya kujadiliana na wakubwa anapokuwa na chombo cha pamoja.

5. Mfano kutoka nje: Marekani

Wenye viwanda vya mbao ngumu nchini Marekani wana shirikisho liitwalo Hardwood Federation, linalowasemea Washington. Sheria ya mwaka 1995 inawataka washawishi wa kulipwa wajisajili na kutoa taarifa za kazi zao. Kampuni hairuhusiwi kumpa mgombea wa Bunge la nchi hiyo fedha kutoka katika mfuko wake. Wahusika huchangia kwa hiari kupitia kamati maalumu, nayo taarifa zake huwekwa wazi.

Tanzania haina sheria mahsusi ya kusajili washawishi. Hata hivyo, Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inasimamia michango na matumizi ya kampeni, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007 inamtia hatiani mtoaji wa rushwa na mpokeaji.

6. Hatari: wanaosikika na wasiosikika

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 biashara ya magogo ilishamiri kusini mwa Tanzania. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti kuhusu biashara hiyo. Ilionesha kuwa takwimu za China za magogo yaliyotoka Tanzania zilikuwa takribani mara 10 ya zile zilizoandikwa hapa nchini, na kwamba sehemu kubwa sana ya mrabaha haikukusanywa. Fedha hizo zingeweza kujenga madarasa na zahanati. Mwaka 2008 asasi za kiraia zikaanzisha kampeni ya Mama Misitu, ambayo nayo ni uchechemuzi, ila wa upande wa wanavijiji na misitu.

Sasa tuseme wafanyabiashara wa mbao wa wilaya fulani wameomba ada ipunguzwe. Wana chama, wana mwanasheria, na wanamjua mkurugenzi. Mama mwenye mivule miwili kwenye kibanja chake hana chama, wala hajui kuwa kikao kipo. Ombi la wafanyabiashara ni halali. Kasoro iko kwenye kikao kilichosikiliza upande mmoja. Ushawishi huwa na manufaa kwa jamii pale pande zote zinapopata nafasi ya kusema, na hoja zinapotolewa hadharani.

7. Ushawishi halali na rushwa

Ukipewa kisa katika mtihani, jiulize maswali manne:
(a) Je, ombi limetolewa wazi, kwa barua au kikaoni, au gizani?
(b) Je, kiongozi ameahidiwa chochote kwa manufaa yake binafsi?
(c) Je, wanaopinga wamepewa nafasi ya kusikilizwa?
(d) Je, uamuzi na sababu zake vimetangazwa?

Jibu la (b) likiwa "ndiyo", hiyo ni rushwa, hata ikiitwa "asante", "chai" au "mchango wa harusi".

8. Swali la mfano

"Ushawishi wa wafanyabiashara ni adui wa demokrasia." Jadili.

Namna ya kujibu: Neno "jadili" linakutaka uoneshe pande zote mbili. Katika utangulizi, eleza maana ya ushawishi. Upande wa kukubali: wenye fedha huwazidi sauti wanyonge; ushawishi wa siri huzaa rushwa; mapato ya umma hupotea. Upande wa kupinga: ni haki ya kikatiba, humpa mtunga sera taarifa kutoka kwa wanaoijua kazi, hulinda ajira. Kila hoja ipe mfano, kama SHIVIMITA, wakulima wa Bukoba au ripoti ya mwaka 2007. Hitimisha kwa msimamo wako: ushawishi hauwi adui ukiwa wazi na ukihusisha pande zote.

9. Zoezi

1. Taja tofauti mbili kati ya kikundi cha maslahi na chama cha siasa.
2. Eleza njia nne ambazo wenye miti wa Bukoba na Muleba wanaweza kuzitumia kupinga ada wanayoiona kuwa kubwa mno.
3. Mfanyabiashara amemlipia diwani karo ya mtoto wake wiki moja kabla ya kikao cha kujadili ushuru wa mbao. Je, huu ni ushawishi halali? Toa sababu tatu.
4. Andika barua rasmi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ukiomba wenye miti wadogo washirikishwe katika vikao vya kupanga ushuru wa mazao ya misitu.