Taa za Simba: Mvumbuzi Wetu wa Kitengela

Ukiulizwa umtaje mvumbuzi mmoja, bila shaka utamtaja Edison na balbu yake. Si vibaya. Lakini sisi wa Kajiado tuna mvumbuzi wetu, na kazi yake huonekana giza linapoingia. Ni Richard Turere, Mmaasai wa Kitengela.

Hebu kwanza tulielewe tatizo lenyewe. Mbuga ya Nairobi ilipofunguliwa mwaka 1946, upande wa kusini haukuzungushiwa ua, hivyo pundamilia na nyumbu walitoka kufuata malisho. Simba nao waliwafuata. Na simba akishafika Kitengela, kwa nini ahangaike kumkimbiza nyumbu ilhali ng'ombe wamejaa zizini? Kwa mfugaji, ng'ombe mmoja ni karo ya mtoto, kwa hiyo hasira huishia kwenye mkuki. Mwezi wa Juni 2012, simba sita waliuawa Kitengela na wananchi waliochoka kupoteza mifugo.

Turere alichunga ng'ombe wa babake tangu utotoni. Simba walipomuua fahali wa pekee waliyekuwa naye, kijana aliwachukia kabisa. Akajaribu moto, wapi! Moto ulimwangazia simba ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba waliiona wakarudi, siku ya pili wakajua kuwa haisogei, wakaingia. Kisha usiku mmoja alizunguka zizi akiwa na tochi, na simba hawakuja. Hapo akapata jibu: simba huogopa mwanga unaotembea.

Wanachama wa Kiswahili hupenda kubishana kuhusu maneno, basi tujiulize: Turere aligundua au alivumbua? Yote mawili. Woga wa simba ulikuwepo tayari, yeye akaugundua. Taa hazikuwepo, akazivumbua, naye alikuwa na umri wa miaka 11 tu.

Alitumia betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, swichi, kisanduku cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi zilizoharibika. Mchana jua huijaza betri. Usiku kile kisanduku huukata umeme na kuurudisha, tena na tena, kama indiketa dereva anapokata kona. Taa zimeelekezwa nje ya zizi, zinawaka na kuzimika, na simba hudhani mtu anazunguka na tochi. Kumbe mwenyewe amelala fofofo! Ujuzi huu aliupata kwa kufungua vyombo. Aliwahi kuifungua redio mpya ya mamake, na siku hiyo alikiona cha mtema kuni.

Nyanya mmoja jirani, ambaye simba walikuwa wakimmalizia mifugo, aliomba awekewe taa hizo. Turere akamwekea, na boma baada ya boma akafikisha saba. Zikaenea hadi sehemu nyingine za Kenya. Mwaka 2013 alisimama mbele ya wasikilizaji huko California kuzieleza. Mwaka 2023 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilimweka miongoni mwa wavumbuzi vijana walioshindania tuzo yake.

Taa hizi hulinda zizi usiku. Mchana, ng'ombe wakiwa malishoni, ulinzi ungali wa mchungaji na fimbo yake.