Kazi ya Fundi wa Vipimo

Mtu akiingia katika kiwanda kikubwa, kama kile cha umeme wa mvuke wa ardhini kilichoanzishwa Olkaria mwaka 1981, ataona kuwa waendeshao mitambo hawaitazami mitambo yenyewe. Huketi chumbani wakisoma mishale na tarakimu. Mvuke umo ndani ya mabomba wala hauonekani. Basi ni lazima wasadiki kwamba wakisomacho ndicho kilichomo. Mwenye kuuthibitisha ukweli huo ni fundi wa vipimo.

Wengi humdhania kuwa ni fundi umeme wa kawaida. Sivyo. Fundi umeme huleta nguvu ya kuzungusha mashine, lakini huyu hushughulika na umeme mdogo mno, ambao kazi yake ni kuchukua habari tu.

Tuchukue mfano wa tangi la maji. Upande wa chini huwekwa chombo kinachohisi uzito wa maji yaliyo juu yake, na kutoka hapo waya mbili zaenda mpaka chumba cha waendeshaji. Tangi likiwa tupu, umeme upitao katika waya ni miliampea 4. Likijaa ni 20. Likiwa nusu ni 12. Msomaji atauliza, mbona tangi tupu lisionyeshwe kwa sifuri? Hapo ndipo penye akili. Panya akiitafuna waya, umeme hukoma, yaani huwa sifuri. Kama sifuri ingekuwa na maana ya tangi tupu, mwendeshaji angefungulia maji na kulifurisha tangi ambalo huenda limekwisha kujaa. Lakini kwa kuwa tupu ni 4, sifuri humwambia mara moja kuwa njia ya habari imeharibika. Mafundi wa zamani waliotumia hewa ndani ya mabomba membamba walishika kanuni hiyo hiyo: walianzia ratli 3 kwa inchi ya mraba, wakaishia 15.

Hata hivyo, upo uwongo usiofichuliwa na hila hiyo, nao ni wa chombo kizima kinachosema namba isiyo ya kweli. Vyombo huchakaa, huingia uchafu, hupotoka kidogo kidogo. Kwa hiyo kila baada ya muda fundi hukijaribu chombo kwa kipimo kingine kinachoaminika, akianza na tupu, kisha robo, nusu, robo tatu na kujaa, halafu hurudi chini vivyo hivyo. Kabla ya kurekebisha lolote huandika daftarini alichokikuta. Wako mafundi waandikao tu walivyokiacha chombo baada ya kukitengeneza. Kwa maoni yetu hiyo ni nusu ya kazi, maana hakuna atakayejua chombo kilikuwa kikidanganya kwa kiasi gani.

Tarehe 23 Machi, 2005, katika kiwanda cha kusafishia mafuta mjini Texas City, Marekani, mnara wenye urefu wa futi 170 ulikuwa ukitiwa mafuta ili kazi ianze. Chombo cha kupima kimo cha mafuta kilikuwa kimetengezwa kwa hesabu za mafuta ya namna nyingine, wala hakikuweza kupima zaidi ya futi 10 hivi za chini. Mafuta yalipokwisha kupita futi 150, chombo kilionyesha pungufu ya futi 9, tena kana kwamba yanashuka polepole. Kengele ya pili, iliyowekwa kuonya mafuta yakizidi, haikulia. Kioo cha kutazamia kilikuwa kichafu, hakionyeshi kitu. Mafuta yakafurika mnarani, yakatoka nje kwa bomba refu, na mvuke wake ukalipuka. Watu 15 walikufa na 180 waliumia. Uchunguzi ulionyesha kuwa habari za ubovu wa chombo kile na kioo kile zilikuwa zimetolewa kabla mtambo haujawashwa.