Ni Nani Huyu Asemaye Katika Idhaa?

Ameuliza mmoja katika wahudhuriao darsa yetu: yawaje kila likitajwa jambo la Waislamu katika idhaa za Uingereza huitwa watu wale wale kulitolea rai, nao si wanazuoni wala si majirani wa msikiti?

Swali hili latuhusu na sisi. Tangu BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, imekuwa ada barazani mtu kukata mabishano kwa kusema: London imesema.

Wengi katika watu hao ni wafuasi wa siasa iitwayo uhafidhina mamboleo. Asili yake ni Marekani, na rai yake kubwa ni kuwa dola za Magharibi zina haki ya kutumia nguvu kubadilisha serikali za wengine. Wao ndio waliovitetea mno vita vya Iraq vya 2003. Ripoti ya Sir John Chilcot ya 2016 ilibainisha kuwa khabari za silaha za Iraq zilitolewa kwa yakini isiyokuwa na msingi. Mfanyabiashara akikosea hivyo hapa mjini hakopeshwi tena; hao waliendelea kualikwa.

Njia yao ni taasisi. Policy Exchange ilianzishwa 2002, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Michael Gove, aliyekuja kuwa waziri, kisha mwaka 2024 akawa mhariri wa The Spectator. Henry Jackson Society ilianzishwa 2005 huko Cambridge. Taasisi hutoa ripoti, magazeti huiandika asubuhi, na jioni mwenye ripoti huketi mbele ya kipaza sauti akiitwa "mtafiti". Ni nani amlipaye? Mara nyingi msikilizaji haambiwi, ingawa miongozo ya BBC yenyewe yasema watu wa taasisi namna hii wasidhaniwe kuwa hawana upande.

Tazama yaliyotokea 2007. Policy Exchange ilidai kuwa katika misikiti na vituo vya Kiislamu karibu mia vilivyozuriwa, robo yake vilikutwa na vitabu vya chuki. Ushahidi ulikuwa risiti za kununulia vitabu hivyo. Ripoti ilipelekewa kipindi cha Newsnight cha BBC kiitangaze. Wenye kipindi wakazichungua risiti, na mwezi wa Desemba wakaonyesha kuwa baadhi yake zaelekea kuwa za kughushi. Taasisi ilisimama na watu wake; lakini baadaye ilitangaza kuwa yaukubali uthibitisho wa kituo cha Al-Manaar cha London, kwamba vitabu hivyo havikuuzwa hapo kwa idhini ya wadhamini wake. Magazeti, hali hiyo, yalikuwa yamekwisha kuieneza ripoti.

Na tuwe na insafu: aliyefichua ni BBC hiyo hiyo. Wala hatusemi kuwa kitabu kiovu hakijapata kuuzwa mlangoni pa msikiti. Kikiwepo, kiondolewe, na tukiondoe sisi kabla ya mgeni kutuonyesha.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuihakiki khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Amri hiyo yampasa mtangazaji wa London, na yampasa vile vile Muislamu wa Mombasa apelekaye kwa wenziwe khabari ya kuwatukana Wazungu asiyoijua ilikotoka.

Ama swali lake la pili, vipi ajibu Muislamu akialikwa kuzungumza na watu hao, tutalieleza katika toleo lijalo, inshaallah.