Vidonda vya kulalia: mgonjwa yupi yumo hatarini?

Mgonjwa wa kiharusi anaporudishwa nyumbani Mwakirunge, jamaa hushughulikia dawa na chakula, wakasahau ngozi. Uzito wa mwili ukiibana ngozi baina ya mfupa na godoro kwa saa kadhaa, damu haipiti na nyama hufa. Hicho ndicho kidonda cha kulalia.

Mwaka wa 1962, muuguzi Doreen Norton wa Uingereza alitoa kipimo cha mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kuweza kujigeuza, na kuzuia haja. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 4. Jumla ikiwa 14 au chini, mgonjwa yumo hatarini. Kisukari, utapiamlo na jasho la joto letu la pwani huzidisha hatari hiyo.

Utajuaje mapema? Wengi hufunzwa kutazama wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi hauonekani vyema. Basi papasa. Kila siku gusa chini ya mgongo, nyonga, visugudi na visigino. Palipo na joto kuliko pengine, pagumu au panapouma, usimlaze hapo.

Mgeuze kila baada ya saa 2, mchana na usiku, kwa kumwinua, si kumburuta. Akijikojolea, msafishe na umkaushe mara moja. Usisugue mahali palipoanza kuumia. Ngozi ikichubuka, mpeleke zahanati upesi. Kidonda hiki kikiachwa hufika mfupani, sumu ikaingia damuni, na huweza kuua.