Picha Ipi Huonyesha Mfupa Uliopungua?

Nguzo ya nyumba ikiliwa na mchwa kwa ndani, kwa nje huonekana nzima. Siku ya upepo ndipo tunapojua. Mifupa ya wazee nayo huweza kuwa hivyo. Hupungua polepole, bila maumivu. Halafu bibi anateleza uani, tena kidogo tu, nyonga inavunjika. Ugonjwa huu huitwa osteoporosisi. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, lakini wanaume nao wamo.

Hivi, mifupa hupimwaje? Tulinganishe njia nne.

1. Eksirei ya kawaida. Hii tumeizoea. Ni nzuri kwa kuonyesha mfupa uliovunjika. Lakini haionyeshi upungufu mpaka mfupa uwe umepoteza kama asilimia 30 ya madini yake, au zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa "picha haina kitu", usidhani kwamba mifupa yako ni imara.

2. Deksa. Mashine hii hutumia eksirei za nguvu mbili tofauti, ili kutenganisha mfupa na nyama. Unalala kitandani, unapimwa nyonga na kiuno. Mionzi yake ni kidogo sana. Jibu ni namba inayolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya. Alama ya - husomwa "hasi", yaani chini ya sifuri. Kuanzia -1 kwenda juu ni sawa. Kati ya -1 na -2.5, mfupa umepungua. Ikiwa -2.5 au chini yake, ni osteoporosisi. Mipaka hiyo ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994.

3. Siti skani. Hii hupima mfupa pande zote. Hutenganisha ganda la nje na sehemu ya ndani yenye vitundu kama sifongo. Lakini mionzi yake ni mingi kuliko ya deksa.

4. Altrasaundi ya kisigino. Hutumia sauti tusiyoweza kuisikia. Haina mionzi, na mashine yake hubebeka. Lakini ile mipaka ya deksa haitumiki hapa. Altrasaundi hutuonyesha nani yumo hatarini. Deksa ndiyo huthibitisha.

Basi tushike nini? Deksa haipo katika kila hospitali, lakini tusikae kimya. Mtu wa miaka 50 au zaidi akivunjika nyonga kwa kuanguka tu alipokuwa amesimama, hiyo yenyewe ni dalili. Asiishie kutibiwa pale palipovunjika. Amwulize daktari: "Mbona mfupa wangu umevunjika kirahisi hivi?" Aseme pia kama ametumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, maana nazo hupunguza mifupa.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini picha safi ya eksirei haitoshi kutuondolea wasiwasi?
2. Bibi mmoja amepimwa nyonga kwa deksa, akapata -2.7. Je, ana osteoporosisi?
3. Altrasaundi ya kisigino ina faida gani? Ina upungufu gani?