Kibali cha Kumwaga Maji ya Kuoshea Mchanga na Kokoto

Ndugu na dada wa vikundi, somo la leo linawahusu hasa wale waliojiunga pamoja kuchimba mchanga na kokoto. Kazi hii ina soko zuri siku hizi kwa sababu kila mahali watu wanajenga. Lakini ina maji yake, na maji hayo yana sheria yake.

Mchanga wa mtoni mara nyingi huwa umeoshwa na mto wenyewe. Mchanga wa shambani, ule unaochimbwa kwenye kingo na mabonde, huwa umechanganyika na udongo. Fundi hautaki, kwani simiti haishiki vizuri. Basi kikundi kinanunua pampu, kinavuta maji kijitoni, kinaosha, na yale maji mekundu yanarudi pale pale yalikotoka. Hapo ndipo shida inaanza.

Wakati mmoja niliitwa na kikundi cha vijana waliofungiwa kazi yao. Akina mama wa upande wa chini walikuwa wamekuja barazani na mtungi wa maji yaliyofanana na uji wa wimbi, wakauweka mezani mbele ya chifu. Hawakusema mengi. Vijana waliniomba jambo moja tu: niwaandikie barua nzuri ya kuomba kibali. Nikawauliza, "Mnaomba ruhusa ya kumwaga nini?" Wakajibu, "Si hayo maji tu." Nikawaambia barua hiyo siwezi kuiandika.

Wengi tunakosea hapo. Tunafikiri kibali ni karatasi ya kuruhusu uchafu ukishalipa. Sivyo. Leseni ya kumwaga maji hutolewa kwa maji ambayo yameshasafishwa kufikia kiwango. Kwa hiyo usianze na fomu. Anza na jembe, chimba mashimo ya kutulizia tope.

Mtu anaweza kusema, "Lakini udongo si sumu." Ni kweli. Hata hivyo hujaza silanga na mifereji, hufunika mayai ya samaki, na dawa ya kutibu maji nyumbani haifanyi kazi vizuri katika maji yenye tope. Mama aliye chini ya mto anaweka dawa akidhani watoto wako salama, kumbe sivyo.

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, ziliweka kiwango cha miligramu 30 za chembechembe katika kila lita ya maji yanayomwagwa. Hiyo ni kiasi gani? Chukua kijiko kimoja cha chai cha udongo mkavu, gramu 5 hivi, ukoroge ndani ya mitungi 8 ya lita 20. Umeshafika. Mafuta ya pampu hayakuruhusiwa hata tone. Muulizeni ofisa kiwango kinachotumika siku mnayoomba, kwa maana kanuni hurekebishwa.

Sasa fanyeni jaribio hili kabla ya kutumia hata shilingi. Jazeni chupa inayoonyesha ndani kwa maji mliyooshea, mwiweke mahali isipoguswa. Mchanga utazama papo hapo. Vumbi laini la udongo huchukua kama saa tatu kushuka mita moja. Mfinyanzi wenyewe, ule unaoteleza vidoleni, huweza kuchukua siku tatu au zaidi kwa mita hiyo moja. Kama asubuhi ya pili maji ya chupa bado ni mekundu, mjue shimo dogo halitawasaidia.

Tupige hesabu kidogo. Pampu ikitoa lita 10,000 kwa saa, na mkiosha saa tano, mmetumia lita 50,000 kwa siku. Shimo la mita 10 kwa 5, lenye kina cha mita 1, hubeba maji hayo ya siku moja tu, na hapo limejaa pomoni. Kwa hiyo chimbeni mawili au matatu yanayofuatana, marefu kuliko mapana. Maji yaingie mwisho mmoja na kutoka mwisho wa pili, yakichotwa juu na si chini. Acheni nafasi juu kwa ajili ya mvua, na mchimbe mtaro wa kuzuia maji ya mvua ya shambani yasiingie. Tope likifika theluthi ya shimo, litoeni na kulipeleka mbali na mto. Baadhi ya vikundi hulifyatulia matofali.

Na ushauri wangu, ingawa wengine huona ni kazi bure: maji ya shimo la mwisho yarudisheni kwenye pampu muoshee tena. Mtapunguza mafuta na mtapunguza ugomvi. Pale ambapo hakuna hata tone linalofika mtoni, habari ya leseni ya kumwaga inakuwa nyingine kabisa. Lakini msijiamulie wenyewe. Ofisa aone mashimo, na neno lake liwe kwa maandishi.

Tukija kwenye ofisi, ziko mbili, na watu huzichanganya. NEMA ndiyo mamlaka ya mazingira, nayo ina ofisa katika kaunti. Hapo ndipo leseni ya kumwaga maji machafu huombwa. Pia kuchimba mchanga na kokoto kumo katika orodha ya miradi inayohitaji tathmini ya mazingira, kwa hiyo hilo litangulie. Ofisi ya pili ni WRA, mamlaka ya rasilimali za maji. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataka kibali cha kuvuta maji mtoni, na pia cha kuingiza uchafu katika chanzo cha maji. Kuwa na karatasi ya ofisi moja hakukupi ruhusa ya ile nyingine. Baadhi ya kaunti zina sheria zao za mchanga vilevile. Makueni ilitunga yake mwaka 2015.

Nendeni mkiwa na cheti cha kikundi, karatasi za shamba au makubaliano na mwenye shamba, mchoro wa mahali mkionyesha mto, mashimo na wanaochota maji chini yenu, na majibu ya maabara inayotambuliwa na NEMA. Maji ya kupimwa yachotwe pale yanapotokea shimo la mwisho, siku ya kazi, si Jumapili pampu ikiwa imelala! Ada lipeni kwa njia ya serikali, na risiti iwe ya jina la kikundi. Yeyote anayetaka pesa mkononi "kuharakisha faili" mwacheni aende zake.

Jambo moja vikundi husahau: chimbeni mashimo mbali na ukingo. Kanuni za 2006 zilikataza shughuli katika eneo la kando ya mto, kati ya mita 6 na 30 kila upande kulingana na upana wa mto, zikipimwa kutoka pale mafuriko makubwa yaliwahi kufika. Wale vijana walikuwa wamechimba shimo lao la kwanza ndani ya eneo hilo. Ilibidi walifukie na kuanza upya juu zaidi, jasho la wiki nzima. Lakini safari hii waliwaita wale akina mama waje kuona kabla hawajawasha pampu.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

Ni nani wanaochota maji chini ya mahali petu pa kuoshea, na tumewahi kwenda kuyaona maji yao?

Maji ya chupa yetu yalikuwaje asubuhi ya pili?

Mvua kubwa ikinyesha usiku, mashimo yetu yatafurika kuelekea wapi?

Nani atashika daftari ya maji, na nani atamkumbusha?