Somo: Pumzi Inayopungua Polepole

Hapa Manono watu wamechimba jiwe la bati tangu siku za Géomines, kampuni ya Wabelgiji, na wengi wangali wanalichimba kwa mikono. Pamoja na bati hupatikana jiwe jeupe gumu lenye kung'aa. Likipondwa hutoa vumbi. Vumbi nene hunaswa puani, nawe hulitoa. Lakini lile jembamba lisiloonekana hushuka mpaka ndani ya mapafu na kukaa humo, na mapafu hufanya makovu. Ugonjwa huu huitwa silikosi. Hakuna dawa ya kuondoa makovu hayo; kwa hiyo yafaa kuutambua mapema.

Hauji kwa homa kali kama malaria. Mara nyingi hupita miaka 10 au zaidi, ila vumbi likiwa jingi sana huja upesi. Mtu husema, "Ni uzee." Je, mtu wa miaka 35 ana uzee gani? Tazama mambo madogo. Zamani ulitembea na wenzako mpaka sokoni. Sasa unabaki nyuma, nawe unasingizia viatu. Katika kwaya, mwimbaji wa besi aliyemaliza mstari kwa pumzi moja sasa anavuta pumzi katikati. Kikohozi hakiishi, mwezi baada ya mwezi. Mara nyingi mke hujua kwanza, kwa sababu yeye husikia kifua usiku. Mama, useme, usione haya.

Nawe mwenyewe usidhani kwamba haya ni ya wachimbaji tu. Apikaye bukari kwa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha huvuta moshi kila siku, nao huharibu njia za pumzi kama tumbako. Kifua kikianza kulia kama filimbi, njoo. Tena upikie nje.

Kikohozi kikifika majuma 2, uje upimwe makohozi. Mwenye vumbi mapafuni hushikwa kwa urahisi na kifua kikuu, nacho kina dawa ya miezi 6, bila malipo. Ukiona damu, au unakonda na kutoka jasho usiku, usingoje hata hizo juma 2. Mwambie mganga kazi yako na miaka uliyochimba. Wengine huficha, wakidhani tutawafukuza kazini! Sisi twataka kujua vumbi ulilovuta, basi.

Anayeendelea kuchimba alowanishe jiwe kwa maji kabla ya kulivunja. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi jembamba. Na nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba wanamolala watoto.